Hina Isiyo na Harusi

Bi Mwanamkisi wa Langoni alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe, na hakuona sababu ya kuuficha. Maharusi wote wa mtaa walipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyewapaka hina, na huku akiwapaka huwakaripia: kaa sawa, wewe waolewa, huchinjwi! Lakini Mungu ana mambo yake. Mikono ile ile ikaanza kutetemeka, kijiti cha hina kikakataa kumtii. Kijiti akakishika mjukuu wake Khairiya, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na bibi akabaki kukaa kando, akitoa amri na kupokea sifa. Mtaa mzima ulijua kazi ni ya nani. Nani angethubutu kusema?

Sasa huyo Khairiya alikuwa msichana wa skuli, na hesabu zilikuwa zimemshinda kabisa. Majibu ya mtihani yalikuja mwaka wa tatu tangu bendera mpya ya uhuru ipande, katikati ya Ramadhani. Alikuwa amepita, lakini kupita kwenyewe ni kule kwa kuchungulia dirishani. Nafasi za sekondari hazikumfikia. Bi Mwanamkisi akasema alhamdulillahi, kisha akajishika mdomo, maana mtoto alikuwa akilia.

Mwalimu wake, Nerea, hakukubali. Alikuwa Mmaragoli, mrefu, hajaolewa, mwenye kutembea upesi kama aliyeacha chungu motoni. Alikuja mpaka barazani akaeleza kwamba iko skuli moja ya bweni ya wasichana kule Mombasa ambayo kila mwaka huchukua wasichana wachache kwa vipawa vyao. Huyu kwa kuimba, yule kwa mbio, mwingine kwa kuchora. Mwalimu wao wa sanaa, Bi Edah, angefika kisiwani Amu kwa siku moja kutazama.

"Akitakwa, mtamwachia?" aliuliza Mwalimu Nerea.

"Akitakwa kwa haki, aende," akajibu Bi Mwanamkisi. "Mimi sivundi ahadi." Na moyoni akasema: hawatamtaka. Kwani yeye atabaki na nani? Kijiti atakishika nani?

Bi Edah akaja. Asubuhi hiyo Khairiya alipewa karatasi na penseli, akachora jagi, na ndani ya jagi akatia maua. Bi Edah, mwanamke wa Kitaita mwenye miwani na maneno ya taratibu, aliitazama picha ile kwa adabu. "Ni kazi safi," alisema. "Lakini majagi ya namna hii ninayo kabati zima." Kesho yake asubuhi angevuka kwenda Mokowe kupanda basi, na safari yake ingekuwa imekwisha.

Khairiya alirudi nyumbani akasimulia kwa maneno machache. Bi Mwanamkisi akasikia furaha ikimjaa kifuani. Nisidanganye, ilikuwa furaha, tena kubwa. Aibu ilikuja baadaye, alipomwona mtoto ameketi na ungo, anachambua mchele ule ule alioumaliza kuuchambua.

Kabla ya adhuhuri Mwalimu Nerea alibisha hodi, amekasirika. "Khairiya, jagi la nini? Mbona hukumchorea yale ya hina? Nimeyaona mikononi mwa maharusi mji huu mzima!"

"Sikujua kama hina ni kitu cha skuli, Mwalimu. Nilidhani wao wataka jagi."

"Basi yachore sasa, nimpelekee."

Khairiya akajaribu. Akakaza meno, akachora, akafuta. Maua yalilala kwenye karatasi yamekauka, mtu angedhani yamechorwa na mwingine. "Karatasi haina vidole," alisema mwishowe. "Sijui nianzie wapi."

"Basi tutafute mkono!"

Hapo ndipo Bi Mwanamkisi alipocheka. "Mkono? Mwezi wa Ramadhani? Harusi hakuna, na hina ya Idi haipakwi mpaka mkesha. Haya, tafuteni."

Mwalimu akamwita jirani, Saadiya, mke wa watu. Saadiya akaruka. "Mimi? Mume wangu yuko safarini! Nipake hina, nijipambe kwa ajili ya nani? Mwataka nitalikiwe?" Akaenda zake.

"Ajipake mwenyewe mkono wake wa kushoto," akasema Mwalimu.

"Mwari hapakwi hina," akasema Bi Mwanamkisi. "Hupakwa siku ya kuolewa."

"Basi mimi. Mikono yangu hii hapa. Kwetu hakuna mwiko huo."

"Kwenu hakuna, lakini hapa ni Amu. Wewe nawe ni mwari, Mwalimu, usione haya nikikwambia. Ukitoka na hina, yeo jioni watu watauliza mumeo ni nani, na kesho watakutajia jina lake."

Kila ndia ilifungwa, na bibi alizifunga moja moja kwa raha zake. Mwalimu Nerea akakaa kitako. Khairiya akajifuta uso kwa mtandio. Hakulalamika. Alisema tu, "Basi, Mwalimu. Mungu hakuandika." Kisha akageuka: "Bibi, yeo nikupikie nini cha kufuturia?"

Lo! Neno hilo lilimpiga Bi Mwanamkisi pasipo na ngao. Angegombwa angejibu. Angenuniwa angenuna zaidi. Lakini kuulizwa atakula nini, na mtoto ambaye sasa hivi amemfungia milango yote! Aliitazama mikono yake iliyolala mapajani ikitetemeka. Hina ilikuwa haijaigusa tangu mumewe azikwe. Mjane akipaka hina anatafuta mume. Ndivyo ulivyosema mji, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni yeye mwenyewe, mpaka jirani yao mjane, Bi Barka, akahama mtaa kwa sababu ya vidole viwili vyekundu. Kinyozi hajinyoi, lakini nani alisema hanyolewi?

"Ilete ile hina niliyoiweka ya Idi," alisema.

"Bibi?"

"Huna masikio? Ilete. Na ndimu. Mwalimu, funga mlango."

Khairiya akaikoroga hina kwa ndimu, akaushika mkono wa bibi yake, na mkono ukatetemeka. Hakuubana. Alisubiri utulie kidogo, akagusa. Ukitetemeka, ananyanyua kijiti. Bi Mwanamkisi alitaka kumwelekeza, akafungua mdomo, akaufunga. Hakuwahi kuwa upande huu wa kijiti tangu alipokuwa mke wa mtu. Kumbe kuna baridi tamu namna hii! Jua lilipoelekea kuzama, mikono yote miwili ilikuwa imejaa mpaka vifundoni, na hina bado mbichi. Adhana ya magharibi ikalia. Bibi hawezi kushika kitu. Khairiya akachukua tende, akaitoa kokwa, akamtia bibi yake mdomoni, kama bibi alivyomlisha yeye alipokuwa hana meno. Wote wawili wakacheka, na bibi akalia kidogo pia, akasingizia moshi wa jikoni.

Asubuhi hina ilikuwa imeiva, nyekundu ya kukolea. Wakaondoka mapema kwenda kwa Mwalimu Nerea, alikolala mgeni. Bi Mwanamkisi alikuwa ameificha mikono ndani ya buibui kama mwizi aliyebeba kuku. Lakini walipopita dukani kwa Bwana Abdulghafur, mjane mwenzake, muuza halua, upepo wa pwani ukalikamata buibui, na yeye akalidaka. Akalidaka kwa mikono miwili!

Bwana Abdulghafur alisimamisha mwiko wake ndani ya sufuria. "Bi Mwanamkisi! Na sisi majirani hatukualikwa?"

"Koroga halua yako, Bwana Abdulghafur, isije ikaungua."

Bi Edah alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Bi Mwanamkisi hakungoja salamu ziishe. Alimnyooshea mikono. "Mtoto huyu yana asubuhi ulimpa karatasi," alisema. "Hii ndiyo karatasi yake. Tazama."

Mgeni akaivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akamvuta bibi taratibu mpaka dirishani penye mwanga. Akaugeuza mkono wa kulia, akaugeuza wa kushoto, akarudi tena wa kulia, hata Bi Mwanamkisi akaanza kuogopa, yeye asiyeogopa mtu.

"Hapa," alisema Bi Edah akimgeukia Khairiya. "Ua hili mbona liko peke yake, mbali na mengine?"

"Hapo pana kovu," akajibu Khairiya kwa sauti ndogo. "Bibi aliungua kwa tanuri la mkate wa mofa. Sikutaka lionekane limefichwa, nikalifanya ua."

"Na shina hili lililopinda?"

"Ule ni mshipa wake. Nimeufuata tu. Mikunjo nayo nimeifanya majani."

Bi Edah akaicheka ile picha ya jagi iliyokuwa bado juu ya meza, akaikunja. "Msichana anayetazama hivi namtaka," alisema. "Ana nafasi. Skuli inafunguliwa baada ya Idi. Mtamleta?"

Mwalimu Nerea akapiga kigelegele cha kwao. Khairiya akaziba uso. Bi Mwanamkisi alifurahi na aliumia, vyote kwa pamoja, na hakujua kipi kimetangulia. "Nilisema sivundi ahadi," alijibu. "Tutamleta."

Kufikia sala ya tarawehe mji ulikuwa umekwisha kumwoza bibi kwa wanaume watatu, mmoja wao marehemu. Bwana Abdulghafur akaleta bakuli la halua na swali: bwana harusi ni nani? Bi Mwanamkisi aliila halua yote, na kwa kuwa bakuli la jirani halirudi tupu, akalirudisha na mikate ya mofa. Jibu hakutia.

Mkesha wa Idi wanawake wakajaa uani kungoja zamu. Mtu akabisha kwa woga, na alipofunguliwa alikuwa Bi Barka, yule mjane aliyehama. Alizisikia habari huko aliko. Alikaa, akatoa mikono yake. Kila mtu akamtazama mwenye nyumba. Bi Mwanamkisi alishindwa kumtazama Bi Barka usoni, kisha akamtazama.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema. Na kwa mjukuu wake: "Mpake mikono yote miwili. Usimfanyie ubahili."

Siku ya safari, pale forodhani, Khairiya alimshika bibi yake asimwachie. "Nani atapaka maharusi?"

"Barka. Nimemfundisha, na mkono wake ni mzito kama jiwe, lakini hautetemeki."

"Na wewe, Bibi? Nani atakupaka?"

"Mimi ni mjane, nipakwe kwa lipi? Panda, watu wakungoja."

Alirudi nyumbani akapika chakula cha watu wawili kwa kusahau, akamwita Bi Barka aje wale pamoja. Siku zikaenda. Hina ikafifia viganjani, ikatoka vidoleni, ikabaki kwenye kucha, nazo kila zikikatwa wekundu unapungua. Bi Barka akamwambia ampake upya. Akakataa. Saadiya akamwambia, akamtukana.

Mwezi wa nne skuli zikafungwa. Khairiya aliingia mlangoni, mzigo begani, na hata buibui hajavua. Bi Mwanamkisi alikuwa ameketi mkekani, bakuli la hina mbele yake limekwisha kukorogwa. Kwenye ncha za kucha zake ulikuwa umebaki uzi mwembamba wa wekundu.

Akanyoosha mikono yote miwili. "Umechelewa," alisema. "Nimekungoja mpaka ikakaribia kwisha."