Mkwe Hagombezwi

Katika nyumba ile mkwe hagombezwi. Akikosea, anayegombezwa ni mkewe, tena kwa sauti ya kufika chumba cha pili alipo mkwe mwenyewe. "Wewe binti, nani kaacha taa ya stoo inawaka mchana?" Mama Mkwe huuliza, akijua vizuri kwamba bintiye hajakanyaga stoo wiki nzima. Mkwe humiminiwa chai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa na miaka kadhaa ya ndoa, na jembe hajalitia machoni.

Labda ndiyo maana alijipalia makaa. Mama Mkwe alikuwa na karakana ya kudarizi nembo za sare za shule, na kompyuta moja kuukuu ndiyo iliyoiendesha mashine. Mkwe, ambaye kazini kwake ndiye mtunza kompyuta, aliiona inavyojikokota akataka kumfurahisha mama. Bila kutumwa na mtu, akaweka mfumo mpya wa kuiendesha kompyuta kando ya ule wa zamani, kila mmoja na sehemu yake ya diski. Wa zamani uendelee kudarizi, mpya ufanye mengine.

Asubuhi kompyuta iliwaka moja kwa moja kwenye mfumo mpya. Wa zamani haukuonekana popote. Na mashine ilisikilizana na ule wa zamani tu, na humo ndimo ilimokuwa michoro yote ya nembo, kazi ya maisha ya Mama Mkwe.

"Hakuna kilichopotea, mama," alisema Mkwe. Hakuwa na hakika hata chembe.

"Haya, baba. Fanya taratibu tu." Kisha akageukia jikoni. "Wewe binti! Pilipili usiyoila inakuwashia nini?"

"Nisamehe, mama," akajibu binti kwa mazoea, huku akikata vitunguu.

Mkwe akafuata ushauri wa harakaharaka alioukuta kwenye simu, akafuta asichokijua. Alipoiwasha tena, kompyuta haikuingia kwenye mfumo wowote. Kioo cheusi, mstari mmoja wa maandishi, basi. Jasho likamtoka. Hakuogopa kufokewa, laiti angefokewa! Aliogopa chai. Alijiona akimiminiwa chai ya heshima mpaka uzeeni, mgeni wa kudumu.

Akachomeka flashi yenye mfumo unaowaka bila kuitegemea diski, na safari hii, kabla ya kugusa chochote, akachungulia kwanza. Sehemu ya zamani ilikuwepo. Akaifungua: tai, mwenge, kitabu kilichofunuliwa, nembo zote salama. Akashusha pumzi. Kumbe shida ilikuwa mlangoni. Ile programu ndogo inayotangulia kuwaka na kuuliza uingie mfumo upi, hakuwa ameiruhusu itafute mifumo mingine, kisha akaivuruga kwa mkono wake mwenyewe. Ni sawa na kuajiri mlinzi mpya wa geti usimwonyeshe mwenye nyumba.

Akanakili michoro yote kwenye flashi nyingine, jambo ambalo alipaswa kulifanya mwanzo. Akairudisha ile programu, akairuhusu itafute, akauweka mfumo wa zamani juu ya orodha. Akazima, akachomoa, akawasha. Mistari miwili ikatokea, mmoja kwa kila mfumo. Muda mfupi baadaye mashine ilikuwa inatetema, na tai akaanza kutokea kitambaani, bawa la kwanza, kisha la pili.

Mama Mkwe alimtazama yule tai mpaka akaisha.

"Uliponiambia hakuna kilichopotea, ulikuwa unajua?"

Angesema ndiyo, nani angembishia?

"Sikujua, mama. Nilikudanganya. Na sikunakili chochote kabla ya kuanza."

Jikoni, binti aliweka kisu chini, akajiandaa kuomba radhi.

"Wewe!" Kidole cha Mama Mkwe kilisimama mbele ya pua ya mkwe. "Mtu mzima na ndevu zako, unachokonoa kazi yangu, hata kunakili hunakili? Halafu unanidanganya usoni! Akili zako umemwazima nani?"

Akaendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemmiminia Mkwe nyingine. Binti alichungulia mlangoni, mkono mdomoni. Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa, akisema nisamehe mama, nisamehe mama, na machozi yalimlengalenga kwa furaha.

"Na ile taa ya stoo," akamalizia Mama Mkwe, "kaizime mwenyewe."