Mlango Uliopanda Mlimani

Minyoo ina chumba. Naanza na hilo ili mjue ninazungumzia mtu wa aina gani. Kwenye ramani ya nyumba ya mapumziko aliyoichora mdogo wangu kwa mkono wake, kulikuwa na kijumba cha minyoo ya kuozesha maganda, chenye kivuli na matundu ya hewa. Chumba cha mama hakikuwepo.

"Dada, hii ni nyumba ya utulivu," akaniambia. "Ya watu wawili tu, mimi na mke wangu. Mama si ana kwake?"

Kwake! Subirini niwaeleze kilichobaki huko kwake.

Mdogo wangu ni msanifu majengo, na kichwa kimemvimba hadi hakuna kofia inayomwingia. Sisi nyumbani tunamwita Bwana Mazingira, naye anadhani tunamsifu. Aliamua kujenga mlimani, juu kidogo ya nyumba ya mama, kwa mawe na udongo wa pale pale na vitu vilivyokwisha kutumika, asinunue kipya hata msumari. Kulikuwa na shindano la nyumba zisizoharibu mazingira, na waamuzi wangepanda wenyewe kuja kukagua. Wazo lenyewe sikulikataa. Nyumba ya mawe na udongo haina ubaya, hata kama aliyeichora ni ndugu yangu.

Lakini mtazameni kazini. Alitaka ukuta wenye chupa za kijani, mwanga upenye. Chupa kuukuu alizoletewa zilikuwa za rangi mchanganyiko, zikamuudhi. Basi akaagiza soda, makreti kwa makreti, akasimama kiwanjani anazifungua na kuzimwaga chini, mafundi wanamtazama huku koo zimewakauka.

"Sasa zimeshatumika," akasema. Jamani, na huyu alisomeshwa!

Ikaja zamu ya mbao. Mbao za dukani eti hazina maisha. Akashuka kwa mama, akakaa naye kitako, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama, sakafu yako imechoka. Nitakuwekea ya kisasa." Mama akakubali, mwanamke huyu kijana wake akimwomba meno atayang'oa. Sakafu ikapanda mlimani, ubao kwa ubao. Fremu za madirisha zikafuata, mama akabaki na karatasi za nailoni zinazopigapiga upepo ukija. Mwisho ukang'olewa mlango wa mbele, ule mzito alioutengeneza marehemu baba kwa mikono yake, pamoja na kitasa chake cha chuma. Mahali pake Bwana Mazingira aliegesha kipande cha plaiwudi, akaenda zake. Kila nikimpigia simu, jibu ni lile lile: "Wiki ijayo, dada."

Mama ana kifua. Kule baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na msimu wa ukungu ulikuwa umeshaanza. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amejikunyata jikoni, miguu juu ya udongo mtupu, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Nililia kwa hasira, wala sioni haya kusema. Nikamwambia afungashe, twende kwangu mjini kabla baridi haijamuua.

"Mjini sitaki," akasema. "Nataka nyumba yangu."

"Nyumba gani, mama? Si ameshaimaliza!"

Mama akafungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo wa mlango wa mbele. Lo! Bwana Mazingira, kwa usomi wake wote, alibeba mlango na kitasa, akasahau kuulizia ufunguo. Kule juu alikuwa anauzuia kwa jiwe, na kwa watu alidai kwamba hiyo ni falsafa: nyumba isiyofungwa, inayouamini mlima.

"Nyumba ipo," mama akasema. "Imehama tu. Nibebee godoro."

Siku ya waamuzi, asubuhi, wakati yeye ameteremka barabarani kuwapokea, sisi tukapanda kwa njia ya nyuma. Godoro tuliliweka kwenye kile alichokiita chumba cha kukaa kimya. Mama aliitambua sakafu kwa nyayo zake. Akavua ndala, akapita chumba hadi chumba, akigusa dirisha moja moja kama mtu anayesalimia watoto waliotoka safari. Kisha akapiga deki, akainjika chai, akafunga mlango kwa ufunguo na kuketi. Kikohozi hakikumwacha, lakini upepo ulibaki nje.

Haikupita muda tukasikia Bwana Mazingira anakuja anahubiri.

"Kila ubao hapa una historia," alikuwa akiwaambia wageni. "Mlango huu, kwa mfano, niliuokoa kwenye nyumba iliyotelekezwa."

Iliyotelekezwa! Mama akaweka kikombe chini. Nilitaka niropoke, akanishika mkono.

Mdogo wangu akasukuma mlango. Haukufunguka. Akasukuma tena, safari hii kwa bega, akacheka kicheko cha mtu aliyekabwa koo. Mwishowe ikabidi agonge.

"Nani?" mama akauliza.

Sauti ikatoka kule nje, ndogo, sikuisikia tangu akiwa anavaa kaptula. "Mama? Ni mimi. Mwanao. Fungua, nina wageni."

"Wageni wa nini?"

"Waamuzi, mama. Wamekuja kuiona nyumba yangu."

"Basi umewapoteza, baba," mama akasema, bila hata kupandisha sauti. "Yako iko kule chini, ile yenye plaiwudi. Na uwaambie waangalie miguu, haina sakafu."