Rambirambi za Somo

Barua ya kwanza ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi Mama Somo baadaye, kwamba iliandikwa vizuri. Karatasi nzito, nembo ya hospitali juu, maneno ya adabu: tumepokea kwa masikitiko, tunaungana nanyi, marehemu alifariki usingizini, kwa utulivu, bila maumivu. Akaisoma amesimama kando ya meza ya kupigia pasi, machozi yakimlengalenga. Ni kweli mama mkwe wake alikuwa amefariki majuzi tu, tena usingizini, na yeye alimpenda bibi yule pamoja na ukali wake wote. Kisha jicho likashuka kwenye mwaka wa kuzaliwa. Marehemu alikuwa na miaka kumi na mitano.

Binti yake akaipokea barua, akaisoma, akacheka. "Kumbe nimekufa, Mama. Basi leo vyombo sioshi."

Mtoto huyo alipewa jina la bibi yake mzaa baba, lote kama lilivyo. Ndiyo maana wakaitana somo, yeye na bibi yake, na neno hilo likamganda mtoto. Baba yake, fundi friji, hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mama, kwa heshima ya mama yake. Na Mama Somo mwenyewe, dobi wa mtaa, binti akigoma kufanya kazi humtania: "Haya, mama mkwe, wewe kaa. Mimi mkweo nitaosha." Bibi alikuwa akisikia hivyo anacheka mpaka anashika mbavu.

Sasa Baba Somo aliporipoti msiba, simu ya hospitali, ile inayojiongelesha yenyewe, ilimwambia ataje jina la marehemu na nyumba anayoishi. Akataja. Mle ndani ya mashine walikuwemo wawili wa jina hilo, nyumba moja. Mashine ikamchukua iliyemzoea, yule aliyekuwa akija kila mwezi kuchukua dawa za kifafa. Hakuna binadamu aliyeuliza, marehemu ni yupi? Swali dogo hivyo, jamani.

Barua ya pili iliwataka warudishe dawa za marehemu zilizobaki. Ya tatu ilitaka maoni: mgonjwa wenu alihudumiwaje hadi mwisho wake? Chini kulikuwa na nyuso za kuchorwa, kuanzia unaocheka hadi unaonuna, ili wafiwa watie alama. Mama Somo aliichana vipande vipande, akavitia kwenye jiko la mkaa.

Halafu shule nayo ikatuma rambirambi zake, maana siku hizi ofisi zinaambiana zenyewe bila mtu kufungua mdomo. Mwalimu wa darasa, mama mpole tu, alisema majina sasa yanaitwa kutoka kwenye mashine, na la Somo halimo. Akashauri mtoto akae nyumbani kidogo mpaka mambo yatengemae. Siku za mwanzo wenzake walipita kumsalimia. Baadaye wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, na mmoja alipomwona dirishani alishtuka, akainamisha kichwa.

Ndipo utani ukaisha. Somo aliitoa ile barua ya kwanza, akawa anaisoma sentensi moja tu.

"Wanasema usingizini," alimwambia mama yake.

"Hiyo ni ya bibi yako."

"Imeandikwa mimi, Mama."

Akaanza kuuogopa usingizi. Alikaa kwenye kiti cha Bibi, kile cha kamba, amejifunika shuka la Bibi kwa kuwa eti anasikia baridi, macho yamemtoka. Mama Somo alimbembeleza, akamfokea, akambembeleza tena. Wapi. Na mtu mwenye kifafa akikosa usingizi anakiita mwenyewe kifafa chake. Dawa nazo zilikuwa zinakwisha. Dirisha la dawa lilikuwa limeshawarudisha mara mbili, kijana wa pale akasema kwa upole kwamba mgonjwa huyo alishafariki, pole sana mama, na huku mgonjwa amesimama mbele yake anamtazama. Wakaanza kukata vidonge nusu, kisha robo.

Kifafa kilimwangusha asubuhi moja penye beseni la nguo, maji yakamwagika ua mzima. Mama Somo alimlaza ubavu, akakaa naye mpaka mwili ukatulia. Alipofumbua macho, Somo alimtazama mama yake muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Akakohoa kidogo kabla ya kusema. Kikohozi kile Mama Somo alikijua. Bibi hakuwahi kusema neno bila kukitanguliza.

"Magoti yananiuma," Somo akasema.

Siku hiyohiyo wakaenda hospitali, na safari hii Mama Somo aliapa haondoki bila dawa, hata wamtoe kwa askari. Alimpata muuguzi wa kliniki ya kifafa, mwanamke mnene mwenye sauti nzito aliyemjua Somo tangu ana miaka saba. Muuguzi akawaingiza ndani, akafunga mlango.

"Msinione mbaya," akasema. "Nimeandika mara nne kuomba wamrudishe. Napata jibu papo hapo kwamba ombi langu limepokelewa, na kesho yake linafungwa. Zamani kulikuwa na mzee mmoja chumba cha mwisho kule, barua haitoki mpaka aisome. Alipostaafu hakuwekwa mwingine. Zinatoka zenyewe."

"Huyu hapa unamwona," Mama Somo akasema.

"Namwona, dada yangu. Nimemshika mkono. Lakini bila faili dirisha la dawa halifunguki, hata kwangu." Akageuza kioo cha kompyuta kidogo, akashusha sauti. "Ila faili la bibi yake liko wazi. Kwa mashine hii, bibi yuko hai. Daktari anakubali kuandika dawa humo, kipimo cha mtoto, kilekile. Ni hilo tu nililo nalo."

Mama Somo alitazama jina. Ni lilelile. Umri ndio ulikuwa mwingine, miaka sabini na tisa. Roho yake ilikataa. Lakini binti yake alikuwa ameanguka asubuhi hiyohiyo, na mama gani angesema hapana? Akakubali, shingo upande.

Wakasubiri ukumbini. Sauti ya mashine ikaita jina, ikaongeza, bibi, dirisha la pili. Somo akashika goti, akainuka polepole, hatua moja moja, na watu wakampisha bila kujua kwa nini. Mama Somo akamfuata nyuma.

Dirishani, yule kijana hakuinua uso. "Anayemchukulia dawa ni nani wake?"

Mama Somo alifungua mdomo. Mashine ile ilikuwa na majina ya watoto wa Bibi na mkwe wa Bibi. Mjukuu alishafutwa, na mama wa mjukuu hakuwa na pa kusimama.

"Mkwewe," akasema.

"Ni mkwe wangu huyu," Somo akasema kando yake, taratibu, na akakohoa.

Kijana akasukuma mfuko wa dawa. Nyumbani Somo alimeza kidonge, akala vizuri, na jua likiwa bado juu akajilaza kwenye kitanda cha Bibi, akalala. Baba yake aliporudi akachungulia, akasema, "Mama amelala," akafurahi kweli maskini, asijue hili wala lile.

Kulikucha. Mama Somo alipasha pasi mapema, akaanza na shati jeupe la mteja wa ofisini. Chumbani kimya. Akaita, "Somo." Kimya. Akaita tena, sauti imepanda kidogo, akikumbuka neno lile usingizini, usingizini, na miguu ikakataa kwenda kutazama. Mara ya tatu akamwita kwa jina lenyewe kamili. Hakuna kitu.

Akaita kama alivyozoea kumtania, ila sauti haikuwa ya utani.

"Mama mkwe?"

Kitanda kikalia. Kikasikika kikohozi kidogo.

"Naam, mkwe wangu. Nakuja. Ngoja ninyooshe magoti."

Pasi ilikuwa imetulia juu ya shati, na harufu ya kuungua ilishajaa ua, naye hakuinyanyua. Mtoto wake alikuwa hai. Alikuwa ameitikia. Mama Somo akashukuru kwa moyo wake wote, na hapo ndipo alipoanza kumlilia.