Seli Korofi za Austine

Mpwa wangu Austine alinitoa mbele ya kwaya mwezi wa tatu, tena kwa heshima, jambo linaloudhi zaidi. "Anti Seline," akasema, "wewe pumzika sasa." Sina mimba wala homa. Nipumzike nini?

Kosa langu ni ssss. Miaka tisa, katika kanisa letu la mabati pale Mashimoni, nimekaa benchi la mbele na kayamba langu, na makofi yakianza kukimbia nayazuia kwa ulimi: ssss. Vijana wakalalamika kwamba nawakata stimu, yaani nawaharibia raha. Austine, mwalimu wa kwaya, akampa Amondi, mmoja wa vijana hao, benchi na kayamba. Niliumia. Nilikaa nyuma na wenye watoto wachanga, nikifuta machozi na kusingizia mafua.

Tangu hapo kila wimbo ulianza vizuri, ukakimbia, ukakimbia, na kufika ubeti wa tatu watu hawana pumzi. Kimya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilingojea guu tu.

Mwaka huo chuo kikuu kilifungwa kwa sababu ya migomo, naye Austine, mwanafunzi huko, alikuwa na mradi wa kumaliza: kuunda seli mia za ubongo ndani ya kompyuta, za kuigiza, zitumiane ishara mpaka zipate mdundo zenyewe. Tabby, binti wa mwenye ploti ya nyumba za kupanga kule Kawangware, alikuwa na ofisi ya kupiga chapa, akamruhusu kutumia kompyuta moja mchana. Alhamisi moja nikampelekea nyoyo, mahindi na maharagwe apendavyo. Hasira ni hasira, lakini mtoto ni mtoto.

Nikamkuta ameshika kichwa. Kwenye kioo cha kompyuta vitone viliwaka vyote pamoja, vikazima vyote pamoja.

"Zinafanya nini?" nikauliza.

"Zinapiga kelele zote mara moja, alafu zinachoka. Nataka mdundo wa kupanda na kushuka, Anti, kama ubongo wa mtu amelala. Nimekwama wiki tatu."

"Na nani anazizuia?"

"Kulikuwa na ishirini za kuzuia. Nilizitoa. Zilikuwa zinakatia zingine stimu."

Tabby akaacha kupiga chapa.

"Ulizipeleka wapi?" nikamuuliza. "Nyuma, na watoto wachanga?"

Austine akageukia kompyuta. Akaandika kidogo, akazirudisha zile ishirini, akabonyeza. Vitone vikawaka, vikafifia, vikawaka tena, wimbi likipita kiooni na kurudi. Alipozipunguzia nguvu seli za kuzuia, mwendo ukakimbia, alipoziongezea, ukalegea. Tabby akaufuata kwa kugonga meza. Nakiri, hata mimi nilitamani kayamba.

"Zimeingia kwenye mdundo!" Austine akapiga kelele, akamaliza nyoyo yote. 

Jumapili benchi lilikuwa bado la Amondi. Lakini mimi nilikuwa na ukurasa wa ripoti ya Austine nilioupata kwa Tabby, naye alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi moja na kunieleza maana yake. Wimbo wa kwanza ulipowakatia watu pumzi, nikaenda mbele, nikamkabidhi Austine ukurasa ule.

Akasoma maneno yake mwenyewe: bila seli za kuzuia, mdundo haudumu.

"Amondi," akasema, macho chini, "songa kidogo. Mrudishie Anti kayamba."

Nikaketi. Moyo ulinijaa, sifichi. Austine akaanzisha makofi, haraka mno kama kawaida yake.

"Ssss," nikamwambia, na makofi ya kwaya nzima yakafuata mwendo wangu.