Imani Kamili

Redio ilikuwa juu ya jokofu. Russ Kowalczyk alikuwa anapaka siagi mkate wake aliposikia sauti ya Bwana Haskell, mmiliki wa timu ya besiboli ya Korongo.

"Nina imani kamili na meneja wangu mkuu," alisema Haskell.

Bernadette alizima jiko, akamgeukia mumewe. "Basi, umekwisha. Nikuandalie suti ya mazishi?"

Russ alijua anachomaanisha. Katika besiboli, mmiliki aliyeridhika hukaa kimya. Anayetangaziwa imani ni yule ambaye ofisi yake tayari imeshapata mtu mwingine. Kocha wao wa kwanza alitangaziwa imani Jumanne, na Ijumaa akawa nyumbani anafyeka majani.

Hakuna timu katika ligi iliyolipa mishahara mikubwa kama Korongo, na bado walikuwa wanavuta mkia. Haskell alipenda majina. Kila mwaka alitaka nyota ambaye picha yake ingewekwa barabarani. Nyota alikuja, akavaa kofia mpya mbele ya kamera, kisha goti likamsaliti, au bega. Walikuwa wakiwalipa watu kwa yale waliyowafanyia wengine ujanani. Russ aliliona hilo vizuri, lakini aliwasajili wote, kwa kuogopa siku kama ya leo.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Ikigonga saa kumi na mbili jioni, dirisha linafungwa. Haskell alimtaka Maddox, mrushaji mzee mwenye kiwiko kilichopasuliwa mara mbili, na timu ya Maddox ilitaka ipewe Eladio Frías, kijana wa Korongo aliyekuwa akikua katika timu yao ya daraja la chini huko Rochester. Russ ndiye aliyemwona kwanza, akirusha mpira kwenye malisho ya ng'ombe huko kwao Jamhuri ya Dominika. Alikuwa amekwisha kukubali moyoni kumtoa. Angefanya nini, na kazi anaitaka?

"Sasa unaogopa nini?" Bernadette aliuliza. "Maiti hafukuzwi kazi."

Russ aliweka kisu chini. Akaanza kucheka taratibu, mpaka mabega yakatikisika. Haskell alikuwa amekosea saa ya kusema. Angenyamaza mpaka jioni, angempata Maddox wake.

Mchana Haskell alimpigia kabla ya kupanda ndege. Alimwita "kijana wangu," akamwambia amalize ile shughuli ya Maddox, yeye angetua jioni. Russ akajibu kwamba amesikia, na kweli alikuwa amesikia. Kisha akawapigia wenye Maddox, akawaambia Eladio hatoki. Wakaongeza mchezaji mwingine juu, akakataa. Baada ya hapo aliiacha simu mezani iite, akatazama saa ya ukutani. Mshale ulipopita kumi na mbili alivua tai.

Haskell alipiga akiwa bado uwanja wa ndege. "Maddox yuko wapi?"

"Yuko kwao, Bwana Haskell."

"Unajua umefanya nini? Usirudi hapo kesho."

"Asante," alisema Russ kwa upole, akaweka simu chini.

Kesho yake yeye na Bernadette waliendesha gari hadi Rochester, wakanunua tiketi dirishani kama watu wengine. Eladio alirusha ovyo, wapigaji wawili wa kwanza wakapewa kituo cha kwanza bure, na Russ akajikuta ameshika magoti. Kisha kijana akavuta pumzi, akawatoa watatu waliofuata.

"Na angeharibu?" Bernadette alimnong'oneza.

"Angekuwa ameharibu yeye mwenyewe, si mimi kumharibia."

Mkononi alikuwa na mkate wa soseji. Miaka yote ya umeneja hakuweza kumeza kitu mpira ukiwa unachezwa. Aliumaliza, akalamba haradali kidoleni, akamwomba mkewe amnunulie mwingine.