Chachu ya Kwanza

Jumapili asubuhi mwoka mikate aliingia jikoni, akaukuta mtungi wake wa chachu umeoshwa na kupinduliwa juu ya kitambaa, unang'aa. Mkamwana wake alikuwa amelala hapo kwake usiku huo, na mikono yake haijui kukaa bure.

"Nilidhani ni uji umeoza, mama," alisema. "Ulikuwa unanuka."

Chachu ile aliirithi kwa mama yake, naye mama aliipata kwa mama yake. Kila siku alimega kipande cha donge, akakirudisha mtungini kiumue la kesho. Na kwa miaka thelathini hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake. Aliyethubutu kusema pale dirishani alipouzia mikate kwamba Mungu hayuko, alisogezewa mtungi chini ya pua.

"Donge la leo limeumuliwa na la jana. La jana, na la juzi. Rudi nyuma hadi uchoke, lazima ufike kwenye chachu ya kwanza, ambayo haikuumuliwa na nyingine. Hiyo aliitia nani?"

Watu walichukua mikate yao wakaenda zao. Aliyembishia alikuwa mmoja tu: kitinda mimba wake, mwalimu wa sayansi, mume wa huyo mwosha mtungi. Aliposikia msiba, alikuja mbio.

"Unga na maji, mama. Basi. Funika, uulishe unga kidogo kila siku. Utaumuka wenyewe."

"Wenyewe."

"Vijidudu vyake vimo mle mle ungani."

"Na usipoumuka?"

"Utakuwa umenishinda."

"Nikishakushinda nitakula nini?"

Hapo ndipo alipobanwa. Mwenye mgahawa, aliyekuwa akichukua nusu ya mikate yake kwa ajili ya ule ukali wake, hakutaka hata kusikia hamira ya dukani. Alimpa mpaka Jumamosi, la sivyo atatafuta mwoka mwingine. Unga ukiumuka, tanuri litawaka, lakini hoja yake itakufa mbele ya mwanawe. Usipoumuka, hoja itasimama, naye atafunga duka.

Mwalimu aliuchemsha mtungi kwanza, isije ikasemwa palibaki kitu, kisha akakoroga humo unga na maji. Jioni mama alipiga magoti kama kawaida yake, maneno yakamgomea. Hakujua aombe lipi.

Jumatatu, kimya. Jumanne ukatoa harufu ya soksi. Jumatano maji ya kijivu yalijitenga juu, akajikuta anafurahi. Kisha akatazama tanuri baridi, furaha ikamtoka. Alhamisi hakula. Kila alipopita alifunua, akafunika, akafunua tena.

Ijumaa, akiwa kigodani na chekeche mapajani, aliona povu. Moja tu, kama punje ya mtama. Likapanda, likapasuka. Yakaja mawili. Kufika adhuhuri unga ulikuwa unasukuma kitambaa.

Mwalimu alitoka kazini moja kwa moja, akafunua, akacheka. Kisha akamwona mama yake, ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye juu ya ngazi mbovu. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Mama, nisikilize. Nilitia kombo la donge la zamani. Nililikuta limegandia kwenye sinia la kukandia. Haukuumuka wenyewe. Hoja yako iko palepale."

Mama alimtazama, akamtazama. Sinia lile alilikwangua kwa mkono wake Jumapili ileile, mpaka ukucha ukakatika, akilitafuta kombo hilohilo. Halikuwepo.

"Usimsemee Mungu uongo, baba," alisema taratibu. "Hakukutuma."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Unga ulitoa povu jingine, wakalisikia wote wawili.

"Sasa watu wa dirishani utawaambia nini?"

"Kwamba mkate umerudi." Akaliburuta gunia la unga mpaka mezani. "Hilo jingine nitalifikiria upya, wala si leo. Nawa mikono, imejaa chaki. Uje unisaidie kukanda."