Alama Tisini na Moja za Teodora

Kompyuta ya kiwanda cha samaki pale Igogo ilimpa Teodora alama tisini na moja kati ya mia. Siyo za ufaulu, za kushukiwa. Orodha ya wateja wa nje ilikuwa imevuja, na wakubwa wakampa mpaka Ijumaa: ajieleze au aondoke.

Aliniomba nimsindikize kwa kuwa mimi ni katibu wa tawi la wafanyakazi, na huwa sisahau. Mwaka 2011 wakubwa walituambia, "Tajeni tu majina, tuwasaidie." Tukataja kumi na moja. Wote kumi na mmoja wakatolewa getini.

Safia, binti wa takwimu aliyeletwa kuwinda wezi wa mtandaoni, alitupokea kwa tabasamu. Tabasamu lenyewe ndilo lililonitia wasiwasi.

"Shikamoo, mzee Chenge."

"Marahaba." Nikavuta kiti bila kukaribishwa.

"Dada Teodora, Jumanne saa nne akaunti yako ilifunguliwa kwa simu ukiwa Busisi, ng'ambo ya ziwa, na dakika hiyo hiyo kwa kompyuta ya hapa. Mashine inasema umeibiwa neno la siri, au umeliuza."

"Nilikuwa msibani. Nilikuwa namzika baba."

"Na hapa alikuwa nani?"

 Ofisi nzima ilijua: Gladness. Ruhusa ya msiba ni siku mbili, na kwetu kuzika hakuishi kwa siku mbili. Basi mtu akifiwa humwachia mwenzake neno lake la siri, amjazie fomu za joto la chumba cha barafu, asihesabiwe mtoro. Teodora akimtaja, Gladness hana kazi.

"Niambie tu," Safia akasema kwa upole. "Nitaifundisha mashine itambue msiba."

"Kwani hiyo mashine imewahi kufiwa?" nikamdaka. "Teo, funga mdomo. Haya maneno nimeshayasikia."

Safia akainuka, akafunga mlango.

"Mzee, jina ninalo tangu Jumatano. Kila mtu ana mwendo wake wa kuchapa. Huyu anachapa kwa vidole viwili."

 Gladness huchapa kwa vidole viwili.

"Sasa unatuuliza ya nini, kama siyo mtego?"

"Kwa sababu mashine haiwezi kuniambia kama aliuza au alimwachia mwenzake."

Teodora akainua uso. "Nilimwachia mwenzangu. Kosa ni langu, niandike mimi. Yeye simtaji, hata mkinifukuza sasa hivi."

 Safia akasukuma kibodi pembeni, akachukua karatasi na kalamu. Akaandika: akaunti iliachwa kwa sababu ya msiba, haihusiki na orodha iliyovuja, apewe onyo, abaki kazini. Jina la pili hakuliandika.

"Mbona kwa mkono?" nikauliza.

"Nikichapa, wakubwa wanaona hata jina nililolifuta. Na mimi napimwa, mzee. Wiki iliyopita nilikuwa na alama sitini."

Sikumwamini. Nikadai nakala yenye saini yake. Akaisaini palepale, na kabla ya kufungua mlango akaniomba niifiche ndani ya shati.